SUMU ISIYOOZA: WENYE BIASHARA WA RUMONGE WAJIANDAE MAPEMA

Mawese hayayeyuki katika maji. Kila mama wa Rumonge aliyewahi kuosha sufuria yenye mafuta kwa maji baridi analijua jambo hilo. Ziko kemikali zenye tabia hiyohiyo: huyakimbia maji na kujificha katika mafuta. Zikiingia ziwani hushikamana na matope na vijidudu. Vijidudu huliwa na ndagala, ndagala huliwa na mukeke na sangala, na samaki hao huliwa na mwanadamu. Katika kila hatua sumu huongezeka, kwa kuwa mwili hauwezi kuivunja wala kuitoa upesi. Hatimaye hukaa katika mafuta ya mwili wa mama, na kutoka hapo huingia katika maziwa anyonyayo mtoto.

Hizo ni miongoni mwa kemikali zidumuzo ambazo mataifa yalikubaliana kuzidhibiti kwa Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004. Burundi ni mwanachama. Orodha ya kwanza ilikuwa na kemikali 12, zikiwamo DDT, aldrini, dieldrini na PCB iliyotiwa katika mafuta ya transfoma. Tangu hapo orodha imerefuka: PFOS iliongezwa mwaka 2009, endosalfani mwaka 2011, PFOA mwaka 2019, na klopairifosi mwaka 2025. DDT imebakizwa kwa kazi moja tu, nayo ni kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria, tena kwa masharti.

ZIWA HALISAHAU

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto wake wa kutolea maji ni mmoja, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yaingiayo huweza kukaa humo kwa mamia ya miaka. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta mabaki ya DDT na PCB katika samaki wa upande wa Burundi. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa hilo mjini Dar es Salaam mwaka 2003.

FUNZO LA ZIWA VIKTORIA

Mfanyabiashara anayedhani kwamba mambo hayo ni ya wataalamu peke yao na akumbuke mwaka 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulikataa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakivua kwa sumu ya wadudu. Viwanda vya Uganda, Tanzania na Kenya vilikosa soko kwa miezi mingi. Hasara haikuchagua, iliwapata hata wale ambao hawakuwahi kushika kitu ila nyavu halali.

WA KUJIANDAA NI NANI?

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa za kilimo. Hana budi kuandika katika daftari kila dawa aliyo nayo, jina la kemikali iliyomo na tarehe ya kwisha nguvu. Dawa isiyo na karatasi ya maelezo isinunuliwe, hata ikiwa bei ni nafuu. Iliyokatazwa itengwe, ifungiwe, na Ofisi ya Mazingira, OBPE, iarifiwe. Isimwagwe ziwani, wala isizikwe, wala isichomwe.

Wa pili ni mwenye kukamua na kuuza mawese. Dumu lililowahi kutiwa dawa ya shamba halisafishiki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Kwa kuwa sumu hizi hupenda mafuta, mawese ndiyo yatakayoinyonya. Dumu la namna hiyo litobolewe ili lisitumike tena.

Wa tatu ni mwuza samaki. Nzi na wadudu wa samaki wakavu hufukuzwa kwa chumvi, kwa jua, na kwa kuanika juu ya vichanja safi. Kamwe si kwa dawa ya kunyunyizia.

Wa nne ni fundi. Mkataba uliuweka mwaka 2025 kuwa kikomo cha kutumia vyombo vyenye PCB, na mwaka 2028 kuwa kikomo cha kuziondoa taka zake kwa usalama. Si kila transfoma ina PCB, lakini jicho haliwezi kutambua. Hupimwa na wataalamu. Nchini Kenya, mwaka 2014, iliripotiwa kwamba mafuta ya transfoma yaliibwa na kuuzwa kwa wakaangaji wa vyakula. Mama anunuaye mafuta ya bei ya ajabu na aulize yametoka wapi. Vilevile, fundi achomaye nyaya ili apate shaba huzalisha dioksini, mojawapo ya zile 12 za kwanza.

Kambi nazo zinahusika. Povu la zamani la kuzimia moto huweza kuwa na PFOS au PFOA. Lisitumike kwa mazoezi karibu na visima, wala mapipa yake yasigawiwe familia za kutekea maji.

SHERIA HAINGOJI

Amri ya mwaka 2018 juu ya mifuko ya plastiki ilitoa muda wa miezi 18. Aliyeutumia muda huo kutafuta vikapu na karatasi hakuwa na la kuhofu siku ilipotimia. Kwa kemikali hizi nako, mwenye daftari safi atamkaribisha mkaguzi kwa utulivu, na asiye nalo atapoteza mali.

Askari na polisi walindao forodha na mwambao wanalo jukumu lao: kuyasoma maandishi yaliyo juu ya kopo kabla ya kuliruhusu lipite. Kopo moja likipenya usiku huweza kurudi mezani mwa askari huyohuyo, ndani ya sahani ya ndagala.