Mji Si Zizi: Neno 'Kraal' na Mipaka Yake

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Aghalabu methali hii hutumiwa kuhusu fedha, lakini yaafiki pia kutumiwa kuhusu maneno. Lugha hukopa msamiati kwa furaha; gharama ya mkopo hudhihirika baadaye, na pengine anayeilipa si yule aliyekopa. Neno 'kraal', ambalo Kiingereza kililikopa kutoka Kiafrikana, ni mfano bayana.

Asili ya neno hili ni 'curral' la Kireno, yaani ua wa mifugo. Waholanzi waliofika katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 wakiongozwa na Jan van Riebeeck walianzisha makazi ambamo lugha yao iligeuka polepole ikawa Kiafrikana. Humo neno likashika maana mbili: zizi la mifugo na makazi ya Waafrika. Waingereza, walioiteka Rasi mwaka 1795 na kwa mara ya pili mwaka 1806, walilizoea pamoja na maana zote mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Katika Kiingereza, matumizi ya neno hili ni finyu mno. Mkulima wa Uingereza hasemi kwamba ng'ombe wake wamelala katika 'kraal', kwani ana maneno yake ya jadi. Wala kijiji cha Uingereza hakiitwi hivyo, hata kiwe kidogo namna gani. Neno limefungiwa hasa kusini mwa Afrika. Nchini Sri Lanka, lilitaja ua wa kunasia ndovu wa mwituni. Ng'ombe, ndovu na Mwafrika: hao ndio wakazi wa neno hili.

Lugha za wenyeji hazina mchanganyiko huo. Wazulu huyaita makazi ya jamaa 'umuzi', na zizi lililo katikati yake huliita 'isibaya'. Zizi hilo lina heshima kubwa, lakini hakuna Mzulu anayedhani kwamba watu wanaishi zizini. Fauka ya hayo, 'umuzi' ni ndugu wa damu wa 'mji' la Kiswahili. Yote mawili yametokana na shina moja la Kibantu. Makao makuu ya mfalme Dingane, umGungundlovu, yalikuwa na nyumba zaidi ya 1,000 zilizozunguka uwanja mpana kabla ya kuteketezwa mwaka 1838. Hata hivyo, vitabu vingi vya Kiingereza viliyaita 'kraal' ya Dingane.

Yamkini watatokea watakaoteta kwamba kila neno la mkopo hupunguzwa maana. 'Safari', ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote, kwa Mwingereza ni matembezi ya kutazama wanyama. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo: 'Boer' lina maana ya mkulima katika Kiafrikana, ilhali 'Kaburu' katika Kiswahili limebeba uchungu wote wa ubaguzi wa rangi. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kupunguzwa kwa 'safari' hakumwondolei mtu utu, na 'Kaburu' ni kilio cha waliodhulumiwa. 'Kraal' lilikuwa neno la mwenye mamlaka. Liliingizwa katika sheria za kikoloni za Natal na za Rhodesia ya Kusini, ambazo zilimtaja mzee wa jamaa kama mkuu wa 'kraal'. Aliyekuwa na mji akaandikwa kuwa na zizi.

Kenya haikusalimika na mkasa wa aina hii. Wamaasai hutofautisha 'enkang', makazi ya familia, na 'emanyatta', kijiji cha morani. Kiingereza cha wakoloni kilichukua neno la pili, kikalipachika kwenye makazi yoyote ya wafugaji. Leo hata Waswahili husema 'manyatta' bila kuuliza.

Hivyo basi, mfasiri wa Kiswahili anayekumbana na 'kraal' katika kitabu cha historia ana jukumu zito. Akiliandika 'zizi' kila mahali, atakuwa ameirithi dharau. Akilitohoa, atakuwa ameifungulia mlango. Kiswahili kina hazina ya kutosha: 'zizi' kwa mifugo, 'boma' kwa makazi yaliyozungushiwa ua, 'mji' kwa makao ya watu na watawala wao. Mfasiri apime muktadha kisha achague. Watunga kamusi nao, wanapolieleza neno hili, hawana budi kuonyesha ni nani aliyelitumia na kwa ajili ya nani, kwani fasili isiyotaja hayo hufundisha maana na kuficha historia.

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma isimu ili afaulu mtihani tu ataiona hii kuwa tofauti ndogo ya msamiati. Lakini jamii ambayo mji wake umeitwa zizi kwa karne mbili haiwezi kuiona ndogo, na Kiswahili, chenye 'mji' uliotoka katika shina lile lile, kina wajibu wa kuirudishia jina lake.