Usihesabu Visanduku: JavaScript na Majina ya Mahali Garissa

Leo nina neno na wenzangu tunaotengeneza programu za ramani tukiwa Nairobi, kisha tunazipeleka Garissa, Wajir na Mandera.

Ukiipa huduma ya ramani ya Google jina la mahali, inakurudishia kisanduku ndani ya kisanduku: orodha ya matokeo, ndani ya kila tokeo, orodha ya sehemu za anwani, ndani ya kila sehemu, jina na aina zake. Wengi wetu hujaribu anwani moja ya Nairobi, tukaona kaunti imekaa nafasi fulani, basi tukaandika:

var kaunti = results[0].address_components[3].long_name;

Sasa jaribu kijiji cha Fafi au Balambala, kisicho na namba ya nyumba wala jina la barabara. Orodha inakuwa fupi. Ulipotegemea kaunti unakuta nchi, au hukuti kitu na programu inakwama.

Msimamo wangu: usihesabu nafasi, tafuta aina.

function tafuta(sehemu, aina) {
  var s = sehemu.find(x => x.types.includes(aina));
  return s ? s.long_name : null;
}
var kaunti = tafuta(results[0].address_components, "administrative_area_level_1");

Hili si suala la unadhifu tu. Garissa ni jina la mji na pia la kaunti. Ukivuka daraja la Mto Tana ukaingia Madogo, mji ulio karibu ni Garissa, lakini uko Kaunti ya Tana River. Chukua mfano wa fomu ya basari ya kaunti. Programu inayobandika jina la mji penye kaunti itapeleka maombi ya mtoto wa Madogo kwenye ofisi isiyo yake, na karo haitalipwa.

Tena, results[0] si neno la mwisho. Kuna Bura ya Tana River, Bura Mashariki iliyoko Fafi, na Bura ya Taita Taveta. Matokeo yakizidi moja, mwonyeshe mtumiaji yote achague. Yeye ndiye anayejua anakokaa.

Na kama unaunganisha data za kabla ya 2013, kumbuka ngazi ya kwanza ilikuwa mkoa. Mkoa mmoja wa Kaskazini Mashariki sasa ni kaunti tatu.

Najua wapo watakaosema null inachafua ripoti, afadhali kujaza chochote. Mimi nasema pengo lililo wazi ni heri kuliko jina la uongo, kwa sababu pengo linaonekana na mtu atauliza. Hifadhi latitudo na longitudo, na uondoe ile nyota nyekundu inayolazimisha jina la mtaa. Mfugaji anayefuata malisho hana mtaa, lakini ana haki ya kujaza fomu kama mtu wa Kilimani.