Kumtisha mwanafunzi si kumfundisha

Imani hii utaikuta hapa Kindu kwa wazazi wa Kasuku, kwa walimu wa Mikelenge, na kwa viongozi wa dini kule Alunguli, ng'ambo ya Lualaba: mtoto akitishwa vya kutosha, hatagusa dawa za kulevya. Ndiyo maana shule ikiamua kusema na wanafunzi juu ya jambo hili, inamwita mtu mwenye sare, au kijana aliyeacha ulevi na kuokoka. Watoto wanapangwa mistari uani, mgeni anawaambia kwamba ukijaribu mara moja tu utarukwa na akili, utafia gerezani. Makofi yanapigwa, prefe, mkuu wa shule, anashukuru, na habari inafungwa hadi mwaka mwingine. Nasema kazi hiyo haijaanza. Tena kwa namna inavyofanywa, inawadhuru watoto wale wale tunaotaka kuwakinga.

Mgeni anabeba picha ya sindano na unga mweupe. Mwanafunzi wa Kindu mwenye miaka 16 hajawahi kuona heroini kwa macho yake. Anachokijua ni kidonge. Anaijua tramadol ndani ya karatasi yake ya fedha, iliyoandikwa jina na miligramu, inayouzwa kidonge kimoja kimoja bila karatasi ya daktari. Anamjua na anayeimeza: kaka aliyerudi kutoka machimboni, au jirani anayeendesha pikipiki mpaka usiku wa manane. Kaka amemeza jana, leo amebeba gunia, hajarukwa na akili wala hajafa. Mtoto amwamini nani? Akishamkamata mtu mzima katika uongo mmoja, hata ukweli utakaofuata ataupitisha sikio hili utokee lile.

Na ukweli wenyewe una uzito wa kutosha, hauhitaji kutiwa chumvi. Tramadol ni dawa halali ya maumivu. Inatuliza maumivu na kuficha uchovu, na hilo lisemwe wazi darasani, maana ndiyo sababu watu wanaimeza. Kisha lisemwe linalofuata. Mwili unaizoea, unadai zaidi, na siku ukiikosa unatetemeka, unatoka jasho, usingizi unapotea. Kipimo kikizidi kinaweza kuleta degedege kama la kifafa. Ukiichanganya na pombe ya lotoko au na vidonge vya usingizi, pumzi inaweza kupungua polepole mpaka mtu aliyelala anashindwa kuamka.

Hata hesabu inaweza kufundisha. Kidonge cha kawaida cha tramadol kina miligramu 50. Mtu mzima hatakiwi kupita miligramu 400 kwa siku. Katika biashara ya magendo barani Afrika vimeenea vidonge vya miligramu 225, kipimo ambacho daktari hamwandikii mgonjwa. Mwalimu wa kemia aandike namba hizo ubaoni awaulize wanafunzi: ni vidonge vingapi vya 225 vinavyovuka mpaka wa siku nzima? Ni viwili. Mtoto aliyepata jibu hilo kwa kalamu yake mwenyewe ameondoka na kitu ambacho hotuba ya saa nzima haikumpa.

Wapo wanaosema tuorodheshe dawa zote mbaya, tuzikataze kwa majina. Lakini mwaka 2021 vijana wa Kinshasa walikuwa wanavuta bombé: kifaa cha kusafishia moshi kilichong'olewa kwenye bomba la gari, kikasagwa na kuchanganywa na vidonge vya kila aina. Polisi walikamata karibu watu 100, wezi wa vifaa hivyo wakiwamo. Nani alikuwa ameliweka bomba la gari katika orodha yake? Huko Sierra Leone, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya dawa ya kulevya iitwayo kush, na wachunguzi walipoipima baadhi yake walikuta nitazeni, kemikali zilizotengenezwa maabara miaka ya 1950 na zenye nguvu kuliko mofini. Mvutaji hakujua. Umoja wa Mataifa umeshahesabu zaidi ya vitu vipya 1,000 vya namna hii duniani. Orodha itachelewa daima. Mwanafunzi anapaswa kuelewa jambo moja linalozifunga zote: kilichopikwa kwa siri hakina kipimo, na hata anayekuuzia hajui kilichomo.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni hiki. Chukua wavulana wanne wa sekondari, Jumamosi jioni, wamemeza vidonge kabla ya mchezo. Mmoja anaanguka, macho yamegeuka, povu linatoka mdomoni. Wenzake wanafahamu nini? Wanafahamu kwamba shule itawafukuza, baba atawapiga, polisi watakuja. Kwa hiyo wanakimbia, au wanambeba mwenzao kumpeleka kwenye maombi na kusema amepatwa na kifafa. Hakuna aliyewafundisha kumlaza kwa ubavu, kuacha kumtia kijiko mdomoni, kumkimbiza Hospitali Kuu, na kumwambia muuguzi jina la kile alichomeza. Hofu tuliyoipanda ndiyo iliyowafunga mdomo saa ile walipotakiwa kusema.

Wamarekani walishalipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango wa DARE, maaskari wakaingia madarasani nchi nzima kuwaonya watoto juu ya dawa za kulevya. Watafiti walipowafuata watoto hao, hawakuona tofauti ya maana kati yao na wasiofundishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, uliotolewa upya mwaka 2018, unasema hivyo hivyo: kutisha, hotuba moja ya kupita, na ushuhuda wa waliowahi kutumia havisaidii, na wakati mwingine vinaharibu. Kinachosaidia ni masomo yanayorudiwa wiki kwa wiki, ambamo mwanafunzi anajizoeza kukataa mbele ya rafiki na kuamua akiwa na huzuni au na uchovu.

Nitaambiwa kwamba nikisema haya darasani nitawafungua macho watoto. Muuzaji alishawafungua. Yeye hamwonei haya mtu, anawaeleza bei na raha, na anawaita kwa majina yao. Nitaambiwa pia kwamba walimu wamechoka, wengine hawajaingia hata kwenye orodha ya mishahara. Ni kweli, na serikali idaiwe. Lakini somo la Elimu ya Maisha limo tayari katika programu ya sekondari, na saa zake zipo kwenye ratiba. Tunaloomba ni kutumia vizuri saa hizo.

Wakuu wa shule za Kindu wanaweza kuanza muhula huu, bila kusubiri barua kutoka Kinshasa. Waandike katika kanuni za shule kwamba mwanafunzi anayemleta mwenzake aliyezidiwa, au anayekuja mwenyewe kusema amenaswa, hatafukuzwa. Wasome kanuni hiyo mbele ya wazazi, kisha wailinde siku mtoto wa kwanza atakapobisha hodi ofisini.