Bonge naye atoke golini

Katika chandimu yoyote, iwe ya Nshamba au ya Manzese, kuna sheria moja ambayo FIFA haijawahi kuiandika: mtoto mnene anakaa golini. Haulizwi. "Bonge, kadake!" Basi, imetoka hiyo. Wenzake wanakimbia saa nzima, yeye kasimama kati ya mawe mawili anasubiri mpira umfuate. Anayehitaji kukimbia kuliko wote ndiye anayekimbia kidogo kuliko wote.

Shuleni nako ni yale yale. Msimu wa UMITASHUMTA ukifika, mwalimu anachagua wenye mbio na chenga. Mamia waliobaki kazi yao ni kushangilia. Halafu watu wa soka wanajisifu kwamba shule ina michezo. Hapana, shule hiyo ina timu.

Mtu wa Muleba anaweza kucheka: unene wa watoto si shida ya Masaki huko? Kagera, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, karibu asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuamka mapema. Mtoto aliyedumaa akikulia kwenye sukari, mafuta na kukaa tu, mwili wake huwa mwepesi kurundika mafuta. Na soda, chipsi na bodaboda ya kwenda shule siku hizi haviko Dar peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi. Shirika hilo hilo linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kila siku.

Dakika hizo zitatoka wapi? Kipindi cha Sanaa na Michezo kipo kwenye mtaala, lakini mtihani ukikaribia ndicho cha kwanza kumezwa na Hisabati. Dawa si kugombana na Hisabati. Hisabati yenyewe itoke nje.

Darasa la pili wanajifunza kutoa? Namba ziandikwe chini kwa majivu, mwalimu ataje "15 toa 8", watoto wakimbilie jibu. Jedwali la tatu lihesabiwe kwa pasi: tatu, sita, tisa, ukikosea mnaanza upya. Mpira wa majani makavu ya migomba unatosha, na migomba Nshamba si ya kutafuta kwa tochi. Sharti ni moja: kila baada ya dakika tatu kipa anabadilishwa. Hakuna mwenye namba ya kudumu golini.

Hili si jambo la kubuni jana. FIFA yenyewe, kuelekea Kombe la Dunia 2010, ilianza kujaribu Afrika programu ya "11 for Health": dakika 90 zenye vipindi viwili kama mechi, cha kwanza ujuzi wa mpira, cha pili afya. Mazoezi ya pumzi yaliendana na somo la mlo kamili. Chandarua, kunawa mikono, vyote vilifundishwa watoto wakiwa na mpira miguuni.

Mchezo peke yake haufuti soda mbili kwa siku, na mzazi asijidanganye. Ila mtoto aliyezoea kukimbia bila kuchekwa hukua akiupenda mwili wake ukitembea. Aliyeitwa bonge na kuwekwa golini anajifunza kwamba mpira ni wa kutazama, na kibanda umiza kinamsubiri.

Mashabiki wana sehemu yao. Wadau wa mpira kuanzia Kaitaba hadi vijijini wakiombwa mchango wa jezi, wanatoa fasta. Jezi 16 zinavalisha watoto 16. Kabla ya kutoa, wamuulize mwalimu mkuu swali moja: wiki hii, watoto wangapi wa shule hii wamekimbia hadi wakatoka jasho? Jibu likiwa ni wale 16 tu, mchango uanzie kwa waliobaki.