Chanjo ina tarehe, upasuaji je?

Mtoto akizaliwa na mdomo sungura, wodi nzima humpa mama pole. Pole haimlishi mtoto. Kabla mama hajatoka hospitali anahitaji mambo mawili: afundishwe kumlisha mtoto wake, na aandikiwe tarehe ya upasuaji. Hayo ndiyo yanayotushinda, kisha tunalaumu umaskini.

Upasuaji wenyewe upo. Hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza zimekuwa zikiufanya, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia upasuaji huu katika nchi nyingi, yetu ikiwamo, ili mzazi asitozwe. Bado wanaletwa watoto ambao tayari wako shuleni, na hata watu wazima. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba jambo hili linatibika. Walichoambiwa ni laana.

Laana haipo. Mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, na kaakaa kati ya ya sita na ya tisa, wakati mama wengi hata hawajajua kuwa wamebeba. Urithi una sehemu yake. Sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Kupatwa kwa mwezi hakuhusiki, wala jicho la jirani. Familia nyingi hazitapata sababu kamili, na hazina haja ya kuisubiri ndipo zimpeleke mtoto hospitali.

Tuanze na chakula. Kaakaa likiwa wazi mtoto hawezi kuvuta maziwa. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Atahangaika titi mdomoni, maziwa yatamtokea puani, atachoka na kulala na njaa. Mama akamue maziwa, amkalishe mtoto wima, ampe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, na kumcheulisha mara kwa mara. Muuguzi anaweza kumfundisha asubuhi moja.

Asipomfundisha, gharama inakuja baadaye. Kipimo kilichozoeleka cha kumpasua mtoto mdomo ni umri wa wiki 10, uzito wa kilo 4.5 hivi na hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita. Mtoto aliyeshinda njaa miezi mitatu anafikishwa hospitali, nauli imeshaliwa, anaambiwa arudi akanenepe kwanza.

Wapo pia watoto ambao mdomo ni mzima ila kaakaa liko wazi. Hao ndio hupitwa. Anayemzalisha mama avae glavu, apitishe kidole kwenye kaakaa na kumulika kwa tochi hadi kwenye kilimi. Haichukui hata dakika.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba mdomo ukishashonwa kazi imekwisha. Kaakaa hufungwa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajaanza kuzungumza vizuri. Ukichelewa, maneno hutokea puani. Masikio yapimwe, maana majimaji hujikusanya ndani na mtoto hasikii vizuri. Kati ya miaka 8 na 11, kabla chonge halijaota, meno hupangwa na pengo la ufizi hujazwa mfupa, mara nyingi ukichukuliwa nyongani. Wengine watahitaji kurekebishwa taya wakishamaliza kukua. Nyaya za meno kwa mtoto huyu si urembo wa mjini, ni sehemu ya matibabu aliyoanza akiwa mchanga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023; vitita vyake viyataje meno haya waziwazi, tusije tukabishana dirishani.

Sasa tazama kadi ya kliniki. Mtoto anachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18. Mdomo hushonwa kipindi cha chanjo za mwanzo, na kaakaa hufungwa kati ya chanjo hizi mbili za surua. Mama huyu tunaonana naye kila mara. Tunampima mtoto wake kilo, tunamchoma sindano, tunamwacha aondoke na mdomo wazi kwa sababu hakuna aliyeandika mstari mmoja kwenye kadi.

Nauli nayo si fumbo. Mwaka 2009 CCBRT walianza kuwatumia wanawake wenye fistula nauli kwa M-Pesa, wakaja. Halmashauri inayolipa posho za vikao haiwezi kushindwa tiketi ya basi ya mama na mwanawe.

Kwa hiyo waganga wakuu wa wilaya watoe waraka wa ukurasa mmoja. Kila mtoto anayezaliwa achunguzwe kaakaa. Mwenye mpasuko, mama yake afundishwe kumlisha siku hiyo hiyo, kadi iandikwe hospitali ya rufaa na tarehe za kila hatua hadi meno, na mhudumu wa afya wa mtaa apewe namba ya simu ya mama huyo. Asipofika siku yake, apigiwe, kama tunavyomtafuta aliyekosa chanjo.