Ramani ya njia ya tope iingie pia kanisani

Sisi wa Goma tumezoea kuogopa moto. Mwaka 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, tuliona lava ya Nyiragongo ikishuka, tukakimbia na watoto na magodoro. Lakini kuna volkano ambako tope liliua kuliko moto. Wataalamu huliita lahari: maji, majivu na mawe yanashuka bondeni kama simenti mbichi.

Huko Kolombia, tarehe 13 Novemba 1985, mlima Nevado del Ruiz ulilipuka usiku. Lava haikufika mji wa Armero. Joto liliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, tope likafuata mabonde, likaingia mjini baada ya zaidi ya saa mbili. Watu wapatao 23.000 walikufa. Saa mbili zinatosha kupanda kilima. Na ramani ya hatari ilikuwepo tangu mwezi uliotangulia, Armero ikiwa ndani yake! Jioni ile majivu yalipoanza kuanguka, redio na kipaza sauti cha kanisa viliwaambia watu watulie. Sisi wachungaji tunapaswa kukaa na habari hiyo.

Ramani ya namna hiyo huchorwaje? Wataalamu hutembea mabondeni wakitafuta matabaka ya tope la zamani. Pale Armero tope lilikwisha kupita mwaka 1845, na mji ukajengwa juu yake. Ardhi tambarare kwenye mdomo wa mto, yenye rutuba, mara nyingi imeletwa na mto wenyewe.

Hapa kwetu Kalehe, mwanzoni mwa Mei 2023, hapakuwa na volkano iliyolipuka. Ilikuwa mvua tu. Mito ilishusha tope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, pale chini kando ya ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena.

Wengine watasema kuchora ramani ni kukosa imani. Nuhu alijenga safina kabla ya mvua. Tusingoje karatasi kutoka Kinshasa: wazee wetu wanajua mto ulipita wapi zamani, na wataalamu wa volkano wa Goma wanaweza kuulizwa. Kabla mvua hazijarudi, kila baraza la parokia liamue nani atashika kipaza sauti usiku, na watu wapande kwa njia gani. Kisha liulize swali gumu zaidi: kiwanja cha shule yetu, kile tulichopata kwa bei nafuu kando ya mto, kililetwa hapo na nini?