Neno la Mhariri: Miaka 18 ya Kaunta

Kila tunapoitisha makala kuhusu watoto wanaokinzana na sheria, Njombe hutuletea makala ileile: mkoa hauna mahabusu ya watoto, basi ijengwe. Safari hii zimekuja tatu, na mwandishi mmoja ameshachagua hata mahali, Makambako, kwa kuwa ni njia panda na gari la kutoka popote linafika. Nimezichapisha zote kwa sababu zimeandikwa vizuri. Sikubaliani na hata moja.

Niwape haki yao kwanza. Umbali ni kweli. Mahabusu za watoto Tanzania Bara zinahesabika kwa vidole, na ya kukimbilia kutoka Njombe iko Mbeya, ambako pia ndiko iliko Shule ya Maadilisho ya Irambo. Mtoto wa Ludewa asiye na wa kumdhamini anatakiwa apelekwe huko, arudishwe kesi inapotajwa, kisha apelekwe tena. Kwa gari la nani, na mafuta ya fungu lipi? Polisi na magereza wako Mambo ya Ndani, mahabusu ya watoto iko chini ya wizara yenye dhamana ya ustawi wa jamii, na afisa ustawi mwenyewe ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Mtoto ni mmoja, wenye mafungu ni watatu, na wote wanasubiriana.

Yote hayo nakubali. Ila mahabusu mpya itampokea yule tu ambaye karatasi zinamwita mtoto, na wanaoninyima usingizi si hao.

Itazameni hati ya mashtaka. Kabla hujalifikia kosa kuna maelezo ya mshtakiwa: jina, kabila, umri, kazi, dini, makazi. Kijana aliyekamatwa usiku stendi ya Makambako na betri ya lori mkononi anaulizwa umri kwenye kaunta ya polisi. Hajui, au anajua ila hana cha kuonyesha, au wenzake wa mtaani wameshamwambia kwamba ukijiita mtu mzima mambo huisha upesi. Askari anampima kwa macho: mabega mapana ya kijana anayepakia mbao, sauti imeshakuwa nzito. Inaandikwa: umri miaka 18, kazi mkulima.

Hapo Sheria ya Mtoto ya 2009 imeshamtoka. Mahakama ya watoto iliyoanzishwa na kifungu cha 97 haimhusu. Kesi yake haitasikilizwa faragha, afisa ustawi haitwi, na taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile ambayo ingemweleza hakimu kwamba kijana anaishi na bibi yake na aliacha shule darasa la sita, haiandikwi. Kifungu cha 119, kinachosema mtoto hatahukumiwa kifungo, kinabaki kitabuni. Kijana anapanda karandinga na watu wazima, na hakuna popote utakapoona kwamba sheria imevunjwa. Kwenye takwimu za mkoa kuhusu watoto mahabusu, huyu hayumo. Kwa hiyo tukisema watoto wamepungua gerezani, tujue tunahesabu kitu gani.

Simlaumu sana askari. Kuandika 15 ni kujitafutia kazi: amsake mzazi, ampigie afisa ustawi, amtenge na wakubwa katika kituo ambacho pengine kina vyumba viwili vya mahabusu. Kuandika 18 hakumgharimu hata wino wa ziada. Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri wa mshtakiwa anayeonekana kuwa mtoto, lakini hakimu aliyekalia rundo la mafaili husoma kilichoandikwa, akaendelea. Ambaye angesimama kupinga ni wakili, na kijana wa betri hana wakili.

Hapa ndipo Njombe ina bahati ambayo haijaitumia. Kampeni ya wakala wa usajili, RITA, ya kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 na kuwapa vyeti bure ilianzia Mbeya 2013, ikaja kufika Iringa na Njombe. Usajili ulisogezwa hadi vituo vya afya na ofisi za kata, mama asilazimike kupanda gari kwenda wilayani. Wakubwa wa kundi lile sasa ndio wanaoufikia umri wa kukamatwa stendi. Kumbukumbu zao zipo. Mtendaji wa kata ana simu, na kituo cha polisi kina simu. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo kuna kadi ya kliniki na rejista ya shule ya msingi. Tena Ubena yetu hii ya Njombe ni nchi ya vitabu vya ubatizo tangu enzi za Mjerumani: muulizeni mzee wa usharika, atawapa tarehe ambayo kaunta haiwezi kuipata kwa kumtazama mtu mabega.

Ninachodai ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Mbele ya umri kwenye hati ya mashtaka iandikwe umejulikanaje. Miaka 18, kwa cheti cha kuzaliwa. Miaka 18, kwa rejista ya shule. Miaka 18, kwa macho ya askari. Hakimu akilikuta hilo la tatu hatakuwa na kisingizio cha kupita.

Kuhusu jengo, kitanda kikishakuwepo hutafutiwa wa kukilalia. Leo hakimu wa Njombe anayejua ugumu wa safari ya Mbeya ana sababu nzuri ya kumpa mtoto dhamana au kumkabidhi kwa mlezi wa kuaminika. Mkimjengea mahabusu mtaa wa pili, sababu hiyo mmemwondolea. Walezi wa kuaminika wenyewe hawajapata hata makala moja katika hizo tatu. Mkoa huu uliwalilia watoto wake waliouawa mwanzoni mwa 2019, na unajua kumtetea mtoto aliyetendewa. Aliyetenda bado hana wa kumsemea kwenye kikao cha kata.

Mengine katika toleo hili. Makala ya Irambo isomwe na kila anayedhani shule ya maadilisho ni gereza lenye ubao. Makala ya mabinti wa kazi za ndani wanaotoka Njombe na kushtakiwa kwa wizi mijini ni fupi mno kwa uzito wake, na nimemwomba mwandishi aendelee nayo. Mwandishi wetu wa Nairobi anaisifu Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022, ambayo haimshtaki aliye chini ya miaka 12, na kwa wa chini ya 14 huanza na dhana kwamba hajui jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Sisi Kanuni yetu ya Adhabu bado inasema 10 na 12. Anataka tupandishe. Tupandishe, lakini umri unaokisiwa kaunta utaruka kizingiti chochote mtakachoweka.

Ipo pia makala inayochambua uwezo wa mahakama kumrudisha mtoto kwao kwa gharama ya Serikali. Kwa Makambako, inakokutana barabara ya Songea na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA juu yake, uwezo huo ungekuwa na kazi kila wiki. Ningependa kuona hati moja ya malipo ya nauli hiyo.

Watetezi wa jengo wana nafasi ya kunijibu toleo lijalo. Waje na ramani ya kiwanja chao kama watapenda, ila waje pia na hesabu ya mafuta, maana mtoto wa Ludewa akipelekwa Makambako atapitishwa Njombe mjini na kuachwa mbele zaidi ya mahakama yake.